Aliyekesha Kumtazama Aliyelala

Katika mji wa Chicago, nchini Marekani, kipo chuo kikuu kinachohusika na asili ya mambo mawili ambayo wataalamu huyaita kwa jina moja fupi, rem, ingawa la kwanza ni kipimo cha madhara ya mnururisho na la pili ni daraja ya usingizi. Nami naona kwamba mambo hayo, yasiyo na udugu wowote wa nasaba, yamelelewa na tabia moja ya kielimu, nayo ni kutoridhika na lisemwalo na ala mpaka atazamwe binadamu mwenyewe.

Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa chuo hicho, Enrico Fermi na wenzake walifaulu kuzianzisha atomi za urani kupasuka mfululizo, mpasuko mmoja ukizaa mwingine bila ya kukatika. Miongoni mwa walioajiriwa mwaka huo kuwalinda wafanyakazi wa shughuli ile ya siri alikuwamo Herbert Parker, mwanafizikia mzaliwa wa Uingereza. Kipimo kilichokuwapo, chenye jina la Roentgen, kilipima taathira ya miale katika hewa. Lakini mwili wa mtu si hewa, na nishati ya kadiri moja ikiletwa na nyutroni hudhuru zaidi kuliko ikiletwa na eksirei. Parker akatunga kipimo kinachomtia mtu ndani ya hesabu, na hiyo ndiyo rem. Siku hizi nchi nyingi zimeshika sieverti, ambayo moja ni sawa na rem 100. Walakini Marekani ingali inaitumia ile ya zamani, na kanuni zake humwekea mfanyakazi wa mnururisho mpaka wa rem 5 kwa mwaka, hali ya kuwa dozi ya kiasi cha rem 400, ikiwaingia watu kwa mara moja nao wasitibiwe, huweza kuwaua nusu yao.

Hilo la pili ndilo linivutalo zaidi. Zamani hizo maulamaa wengi waliudhania usingizi kuwa ni kuzimika tu kwa ubongo, na waliojishughulisha nao walikuwa wachache. Mmoja wao ni Nathaniel Kleitman, aliyeufanya usingizi kuwa kazi ya umri wake, hata mwaka 1938 akaingia pamoja na mwanafunzi wake katika pango la Mammoth, huko Kentucky, wakakaa humo siku 32 bila ya kuliona jua, wapate kujua kama mwili waweza kuizoea siku ya saa 28.

Mwanafunzi wake mwingine, Eugene Aserinsky, mtu mwenye ahali ya kulisha na kipato haba, alipewa kwanza kazi ya kuyatazama macho ya watoto wachanga walalapo. Baadaye, akiwa amepata mashine kuukuu, alimbandika mwanawe wa miaka minane nyaya kandokando ya macho, akamlaza, akakesha. Kalamu za mashine, zilizokuwa zimetulia, zikaanza ghafla kurukaruka kana kwamba mtoto yu macho anaangaza huku na huku. Baba akaingia chumbani, akamkuta amelala fofofo. Akaishuku mashine, akaichunguza na kuichunguza tena, na mawimbi yale yakazidi kurudi usiku baada ya usiku. Kwa yakini angeweza kukomea kwenye michoro, lakini yeye alianza kuwaamsha waliolala na kuwauliza. Katika mara 27 alizowaamsha macho yakiwa yanakwenda mbio chini ya kope, mara 20 walimsimulia ndoto zenye kuonekana waziwazi. Katika mara 23 alizowaamsha macho yakiwa yametulia, mara 19 hawakukumbuka lolote. Habari hizo alizitangaza pamoja na Kleitman mwaka 1953, na William Dement, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari hapo hapo, akaendeleza utafiti. Leo twajua kwamba daraja hiyo ya macho yaendayo mbio, ambayo ndiyo rem ya pili, humrudia mtu mzima kila baada ya dakika 90 hivi, ikachukua karibu robo ya usingizi wake, na kwamba kwa mtoto mchanga hufikia nusu.

Mwaka 1959 Michel Jouvet wa Lyon, Ufaransa, akiwachunguza paka, alionesha jambo la ajabu zaidi: katika daraja hiyo ubongo hushughulika mithili ya aliye macho, ilhali misuli ya mwili imelegezwa kabisa, isipokuwa ile ya macho na ya kuvutia pumzi na michache mingine.

Hapo ndipo ilipo sharhi ya lile ambalo watu wa mwambao wetu huliita jinamizi. Pengine fahamu huamka kabla misuli haijafunguliwa, na mtu akajikuta anaona chumba chake, anasikia, hawezi kuinua kidole wala kupiga ukelele, huku kifua kikielemewa na mabaki ya ndoto yakisimama mbele yake kwa sura ya kiumbe. Anayesimulia hayo hasemi uwongo. Mwili wake ulifungwa kweli, na aliyemwona alimwona. Haimpasi kuchekwa, wala kutozwa mali na mwenye kudai kwamba ametumiwa adui. Hali hiyo aghalabu huisha kwa sekunde chache au dakika chache. Huwazidia wakosao usingizi wa kutosha, wenye kulala kwa saa zisizo na mpango, na walalao chali. Na ikiwa inamjia mtu mara kwa mara, hata mchana akawa anasinzia bila ya hiari yake, basi amwendee daktari na amweleze yote aliyoyaona.