Pete yako mpya ina kidoa? Tulia kwanza kabla ya kumchemkia mwenye duka

Umenunua pete. Umebishania bei, umelipa kwa M-Pesa na ukatembea hadi stejini mkono ukiwa mfukoni, kila baada ya hatua tano unapapasa kuhakikisha kiboksi bado kipo. Usiku unawasha tochi ya simu ili uone kito kinavyong'aa. Hapo ndipo unapokiona. Kidoa cheusi, kidogo kama chembe ya pilipili manga, ndani kabisa ya jiwe.

Hivyo ndivyo ilivyonitokea mwaka jana. Pete ilikuwa ya Mama. Ile yake ya kwanza aliiuza nilipoingia chuo, ndipo karo ya muhula wa kwanza ikapatikana. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Sasa elewa vile roho ilinidunda. Nilikuwa nimeweka akiba miezi saba, pesa za kuwaandikia watu matangazo ya mitandaoni, halafu nimpelekee kitu chenye kasoro? Sikulala.

Asubuhi sikukimbilia dukani, ingawa mikono ilikuwa inaniwasha. Nilienda kwa sonara mmoja mzee mwenye kijichumba ghorofani, katikati ya jiji. Nilitaka nikirudi dukani nijue ninalosema. Mzee alishika lenzi ndogo inayokuza mara 10, akaigeuza pete huku na huku, akacheka.

"Kijana, hili doa limezaliwa na jiwe."

Jiwe langu ni tsavoraiti, yaani ganeti ya kijani. Kama hujawahi kulisikia, ni la hapa kwetu kabisa. Mwanajiolojia Campbell Bridges alilipata kwanza Tanzania mwaka wa 1967, kisha akalipata tena upande wa Taita Taveta, na mwaka wa 1974 kampuni ya Tiffany ya Marekani ikalitangaza kwa jina lililotokana na Tsavo. Mawe haya yalijiumba chini ya ardhi kwa joto na mgandamizo mkali, na yalipokuwa yakikua yalimeza vijichembe vya madini mengine. Ndiyo maana tsavoraiti isiyo na chochote ndani ni adimu, na bei yake hupaa. Zumaridi nayo ni hivyo hivyo, tena yenyewe mara nyingi hutiwa mafuta ili nyufa zisionekane. Tsavoraiti kwa kawaida huuzwa ilivyotoka ardhini, bila kuchomwa wala kupakwa kitu.

Mzee akaniambia jambo lililonipoza kabisa. Kama ndani ya "kito" unaona vipovu vya mviringo, kama vya soda, hapo ndipo uingiwe na wasiwasi, kwa sababu huenda umeuziwa kioo. Halafu pima kwa macho ya binadamu, si kwa tochi. Shika pete umbali unaosomea simu, mchana, karibu na dirisha. Ukiwa huoni kitu, na anayekusalimia naye hataona. (Sijawahi kumwona mtu akisalimia watu na lenzi mkononi.)

Nikadhani tumemaliza. Lakini hakunirudishia pete. Aliiweka karibu na sikio langu akaigonga kwa kidole. Tik, tik. Jiwe lilikuwa linacheza. Kati ya zile kucha nne zinazolishika, moja ilikuwa imeinuka kidogo sana. Mimi nilikesha nikilia na doa lisilo na shida, kumbe shida ilikuwa pembeni, na ningeipongeza pete hadi siku jiwe lingedondoka kwenye matatu.

Kwa hivyo ukinunua, fanya hivyo kabla ya kutoka dukani. Igonge karibu na sikio. Ipitishe juu ya kitambaa cha pamba, na uzi ukikwama ujue kuna ukucha ulioinuka. Kisha angalia kingo za jiwe, hasa chini ya kucha, kama kuna palipomeguka au ufa unaofika juu. Ufa wa aina hiyo unaweza kupanuka ukigonga mkono kwenye meza. Hilo si doa la kuzaliwa, na hapo una haki ya kukataa.

Kwa nini kabla ya kutoka? Sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, inasema kwamba ukiwa umeikagua bidhaa kabla ya kununua, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuionyesha. Kuambiwa ni tsavoraiti kumbe ni kioo ni kesi nyingine, kwa sababu bidhaa lazima ilingane na maelezo ya muuzaji. Omba risiti iliyoandikwa jina la jiwe, uzito wake na madini ya pete. "Pete moja" haitakusaidia.

Nilirudi dukani nikiwa mpole. Sikutaja doa kabisa, nilimgongea mwenye duka pete sikioni. Alikunja uso, akaita fundi wake, na baada ya dakika ishirini ukucha ukawa umelazwa bila malipo. Ningeingia nikipiga kelele kuhusu doa, nadhani tungebishana hadi jioni na jiwe lingebaki linacheza.

Utunzaji ni kazi ndogo. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, mswaki laini, basi. Usitumie jiki wala dawa ya meno. Vumbi lifute kwa maji, si kwa kusugua kukavu, kwa kuwa lina chembe za mchanga zenye ugumu unaokaribia wa tsavoraiti, na mawe laini kama tanzanaiti huchubuka upesi zaidi. Na uvue pete ukifua.

Mama hakuuliza kuhusu doa. Aliuliza bei, nikamdanganya. Nikamwomba asifue nayo, akasema sawa, na bado anafua nayo. Kwa hivyo kila nikienda nyumbani namshika mkono kama namsalimia, naivuta pete hadi sikioni, na kuigonga.