Upande wa Dirisha na Mlima Kilimanjaro

Abiria wengi wanaosafiri kwa ndege kati ya Nairobi na Mombasa huomba kiti cha dirishani bila kutaja upande, ilhali upande ndio unaoamua iwapo wataona Mlima Kilimanjaro au watatazama nyika za Ukambani hadi pwani. Ndege inayotoka Nairobi huelekea kusini-mashariki, na mlima hubaki kusini-magharibi mwa njia yake, yaani mkono wa kulia wa abiria anayetazama mbele. Wakati wa kurudi huwa kushoto. Kwa kuwa herufi za viti huanzia kushoto, A ni dirisha la kushoto, na katika ndege yenye viti vitatu kila upande dirisha la kulia ni F. Kanuni hiyo hufaa pia kwa safari ya Nairobi na Dar es Salaam, ingawa huko ndege hupita karibu zaidi na mlima, na waongozaji wa ndege wakimpitisha rubani upande wa pili, mpangilio wote hugeuka.

Umbali si kikwazo. Kutoka kimo cha mita 10,000, upeo wa macho, yaani mstari ambapo ardhi na mbingu huonekana kukutana, huwa takriban kilomita 357, wakati njia ya Mombasa hupita kilomita 100 hivi kutoka Kibo, kilele chenye mita 5,895. Kinachouficha mlima ni mawingu, ambayo hujikusanya jua linapopasha joto miteremko, hewa yenye unyevu ikapanda na kupoa. Ndiyo maana safari ya asubuhi hushinda ya alasiri kwa mbali, hasa kwa kuwa wakati huo jua huwa nyuma ya mtazamaji na kuangaza theluji, ilhali jioni humchoma machoni.

Safu ya kiti huja baadaye. Katika Boeing 737, ambayo bawa lake liko chini ya madirisha, mbele ya bawa ndiko bora, kwani nyuma yake hewa ya moto ya injini huifanya mandhari itetemeke. Ndege za pangaboi kama ATR 72, ambazo watu huzidharau bila haki, zina bawa juu ya madirisha na huruka chini zaidi, hivyo ardhi huonekana wazi, hasa kutoka safu za nyuma, mbali na mapanga na magurudumu.

Zaidi ya robo tatu ya barafu iliyokuwapo Kilimanjaro mwaka 1912 imekwisha kutoweka, na inayobaki inaendelea kupungua. Msafiri anayetaka kuiona achague safari ya asubuhi na upande sahihi wakati wa kununua tiketi, kwani viti vya dirishani huwahi kuchukuliwa.