Kuku wa Uani: Maradhi Hayajui Ua

Alfajiri, kabla magari hayajaanza kujaa katika barabara ya Naivasha, majogoo huwika Kawangware, Riruta, Waithaka na Uthiru. Katika mitaa hiyo ya magharibi ya Nairobi wako watu wengi wafugao kuku nyuma ya nyumba zao: wengine wapate mayai ya watoto, wengine wapate fedha za karo. Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitunga sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Basi mwenye kutaka kufuga yampasa kwanza amwulize afisa wa mifugo wa mahali pake masharti yaliyopo, maana jirani naye ana haki ya kulala pasipo harufu mbaya.

Kosa la kwanza la wafugaji wengi ni kununua kuku kabla ya kujenga banda. Mtu hurudi kutoka sokoni na kuku watano wazuri, akawafungia jikoni, akisema banda litajengwa baadaye. Kuku hao hupigwa na baridi au huibwa. Tena kuku wa sokoni wametoka pande nyingi, na mmoja akiwa mgonjwa huwaambukiza wote. Kuku mgeni atengwe kwanza kwa majuma mawili.

NYUMBA

Banda zuri halihitaji fedha nyingi. Mbao kuukuu, mabati yaliyokwisha tumika na wavu wa kuku vyatosha. Katika kila mita moja ya mraba wasikae kuku wakubwa zaidi ya watano. Pande ndefu za banda zielekee kaskazini na kusini, ili jua kali lisiingie. Ukuta wa chini uzibwe imara na wa juu uwe wavu, hewa ipate kupita. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Kabete ni juu zaidi. Kwa hiyo katika miezi ya Juni, Julai na Agosti yafaa kuteremsha magunia juu ya wavu huo wakati wa usiku.

Sakafuni yatandazwe maranda makavu ya mbao, kimo cha sentimita 10, na yaliyolowa yaondolewe mara moja. Ziwepo fito za kulalia, na kiota kimoja kwa kila kuku watano, mahali penye giza kidogo.

CHAKULA

Kuku atagaye hula karibu gramu 120 kwa siku, na maji anywayo ni kadiri ya mara mbili ya hayo. Mabaki ya ugali na majani ya sukuma wiki ni nyongeza njema, lakini peke yake hayatoshi. Kuku apewaye mahindi matupu hushiba, ila hutaga kidogo. Ahitaji pia omena, soya au mashudu ya alizeti, na chokaa ya mifugo ili gamba la yai liwe gumu. Mahindi yaliyoota ukungu asipewe kamwe, kwani yaweza kuwa na sumu iharibuyo ini.

Vifaranga wahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 katika juma la kwanza, kisha lipunguzwe kidogo kidogo. Wakisongamana karibu na jiko, wanaona baridi. Wakikimbilia mbali, joto limezidi. Jiko la makaa lisiwashwe mahali pasipo na hewa, maana moshi wake usioonekana huua.

KIDERI

Lakini banda zuri na chakula chema ni kazi bure kama kideri kikiingia. Ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1926 karibu na mji wa Newcastle, Uingereza, ndipo ukaitwa kwa jina hilo. Hauna dawa ya kuuponya. Kuku husinzia, huharisha kijani, wengine hupinda shingo. Na baada ya siku chache mama aliyetegemea mayai kwa karo hubaki na banda tupu.

Hapo ndipo kosa kubwa kuliko yote hufanyika. Mwenye kuku, akiona wawili wamekufa, huwakimbiza waliosalia sokoni apate angalau nusu ya fedha yake. Kwa kufanya hivyo huuza ugonjwa, na pengine mnunuzi ni jirani yake mwenyewe. Wagonjwa wasiuzwe, na waliokufa wazikwe katika shimo refu au wachomwe, wala wasitupwe mtaroni.

Kinga ni chanjo. Iko chanjo iitwayo I-2, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ambayo huvumilia joto kuliko nyingine. Tone moja hutiwa katika jicho la kuku, na hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Chanjo nyingine hazina budi kuwekwa katika barafu tangu dukani katikati ya jiji hata Dagoretti. Zile zinyweshwazo zisichanganywe na maji ya mfereji, kwa kuwa klorini iliyomo huziua. Afadhali maji safi ya mvua.

Watu husema chanjo ni ghali. Sababu yake ni kwamba chupa moja hutosha kuku wengi, na ikiisha kufunguliwa haikai. Mwenye kuku wanane humwaga sehemu kubwa ya alichonunua. Lakini majirani kumi wakichanga fedha na kuchanja siku moja, gharama ya kila mmoja huwa ndogo, na ugonjwa hukosa ua wa kuanzia.

Tena Kabete si mbali: huko ziko maabara za serikali za mifugo na shule ya utabibu wa mifugo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Kuku akifa ghafula, mwenyewe apeleke habari mapema, na awaambie majirani siku hiyo hiyo. Afichaye kideri uani mwake leo, kesho atakikuta mtaa mzima.