Kabla ya Kumnunua Farasi wa Baharini

Miongoni mwa samaki wa mapambo, ni wachache wanaomvutia mnunuzi kama farasi wa baharini, na ni wachache pia walio wagumu kufugwa kama yeye. Mara nyingi mnunuzi hulalamika kuwa ameuziwa samaki mgonjwa, ilhali kosa lilianza pale alipomleta nyumbani kabla maji hayajawa tayari. Tunaeleza hapa mambo ambayo mtumiaji anapaswa kuyafahamu kabla ya kutoa fedha yake.

Maji hutangulia samaki

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula huzalisha amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoota ndani ya chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao huhitaji takribani wiki nne hadi sita kuenea. Kwa hiyo, samaki asiingizwe tangini mpaka vipimo vionyeshe kuwa amonia na nitriti ni sifuri.

Tangi liwe na kina cha sentimita 45 au zaidi, mkondo wa maji uwe wa polepole, na ndani yake pawe na mimea, hata ya plastiki, ambayo samaki huyu ataishika kwa mkia wake. Yeye si mwogeleaji hodari; mkondo mkali humchosha.

Joto na umeme

Aina za maeneo ya tropiki hufugwa kwa usalama zaidi katika nyuzi 23 hadi 24 za Selsiasi, kwa kuwa maji yakiwa na joto zaidi, bakteria waletao maradhi huongezeka. Katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam, joto la chumba wakati wa kaskazi huweza kupita nyuzi 30. Mashine ya kupozea maji basi si anasa, na bei yake huweza kuzidi ile ya samaki mwenyewe. Vilevile, umeme ukikatika, hewa hupungua majini; pampu ya hewa inayotumia betri iwepo tayari.

Chakula

Farasi wa baharini hana meno wala tumbo la kuhifadhia chakula. Chakula hupita upesi mwilini mwake, hivyo alishwe kidogo kidogo, walau mara mbili kwa siku, na mabaki yaondolewe. Asichanganywe na samaki wepesi, kwani watamaliza chakula kabla yeye hajakifikia.

Maswali ya kumwuliza muuzaji

Kwanza, samaki huyu amezalishwa katika ufugaji au amevuliwa baharini? Aliyevuliwa mara nyingi hukataa chakula kilichogandishwa, akafa njaa mbele ya chakula. Pili, je, anakula uduvi waliogandishwa? Omba alishwe mbele yako, asipokula, usimchukue. Tatu, kibali kiko wapi? Tangu mwaka 2004 aina zote za farasi wa baharini zimo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, na biashara yao baina ya nchi huhitaji kibali. Mwisho, dai risiti yenye jina la aina ya samaki, asili yake na tarehe ya mauzo. Pasipo maandishi, ni vigumu kuthibitisha lalamiko lako.

Ukishindwa kumtunza, usimwachilie baharini, maana anaweza kupeleka maradhi kwa samaki wa huko. Mtafutie mfugaji mwenye uzoefu. Na ukipiga hesabu ukaona kuwa mashine, vipimo na chakula vinazidi uwezo wako, tunakushauri usimnunue. Kumwacha dukani si hasara. Hasara ni kumlipia kisha kumzika baada ya wiki mbili.