Hivi Kweli Ungemtambua Mwenzako?

Wanandoa wanne, sinia la pilau na filamu ya kutisha iliyotengenezwa kwa pesa kiduchu. Tulianza kwa kuicheka. Tulipomaliza, kuna watu walikuwa hawaangaliani usoni.

Niliwaalika marafiki zetu wa siku nyingi nyumbani Jumamosi moja. Pilau, kachumbari, juisi ya ukwaju, halafu muvi. Mwenye kuchagua muvi nilikuwa mimi, na wiki nzima nilikuwa nawatisha kwenye simu: jamani, hii mkiiangalia hamlali. Tulikuwa jozi nne, watu wanane.

Dakika ishirini zikapita. Kwenye skrini watu wanakula, wanakunywa mvinyo, wanachomekeana maneno. Shemeji mmoja, mhasibu kwa kazi na kwa tabia, uvumilivu ukamshinda. "Shemeji, mbona hawa nao wanakula tu kama sisi? Zimwi linaingia saa ngapi?"

Haliingii. Kwenye Coherence hakuna zimwi, hakuna jini, wala hakuna mtu wa sayari nyingine. Kuna marafiki wanane mezani, na nyota yenye mkia inapita angani.

Bajeti ya harusi ya mjini

Filamu hii imeandikwa na kuongozwa na Mmarekani James Ward Byrkit, ambaye kabla ya hapo alishiriki kutunga hadithi ya katuni ya Rango ya mwaka 2011. Kule kulikuwa na studio kubwa na mamilioni. Huku akaamua kufanya kinyume kabisa: nyumbani kwake mwenyewe, usiku tano tu za kupiga picha, kamera za kushika mkononi, na gharama inayotajwa ni kama dola 50,000. Hapa mjini wapo wanaochangisha harusi ya pesa hizo! Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2013 kwenye tamasha la Fantastic Fest, Austin, Texas.

Siyo wa kwanza kubana matumizi. Mkanada Vincenzo Natali alitengeneza Cube mwaka 1997 kwa chumba kimoja kilichobadilishwa rangi, watazamaji wakaamini ni vyumba maelfu. Shane Carruth naye mwaka 2004 alitoa Primer, hadithi ya mashine ya kurudi nyuma kwenye muda, kwa takriban dola 7,000.

Ila Byrkit alikuwa na ujanja wake. Waigizaji hawakupewa skripti. Kila siku kila mmoja alipewa maelezo mafupi yanayomhusu yeye peke yake: leo unataka hiki, unajua kile, mwulize fulani swali hili. Mwenzake ameambiwa nini, hajui. Kwa hiyo unapomwona mtu pale mezani amebaki mdomo wazi, mara nyingi ameshtuka kweli.

Nyumba yenye taa

Stori iko hivi. Nyota inapokaribia dunia, vioo vya simu vinapasuka vyenyewe, intaneti inakata, umeme unazimika mtaa mzima. Nyumba moja tu mbele ya barabara ina taa. Wanaume wawili wanaamua kwenda kuomba simu. Wanarudi wamechanganyikiwa, mmoja ana jeraha kwenye paji la uso, na wamebeba boksi. Ndani ya boksi kuna picha zao wote wanane, kila moja ina namba nyuma.

Ile nyumba yenye taa ni nyumba yao wenyewe. Waliokaa ndani, mezani, ni wao.

Sayansi yake imetoka kwa mwanafizikia wa Austria, Erwin Schrödinger, na mfano wake wa paka wa mwaka 1935: paka aliyefungiwa ndani ya boksi, ambaye kwa hesabu za fizikia ni mzima na pia amekufa, mpaka boksi lifunguliwe. Kwa kawaida hali hizo mbili hazikutani. Filamu inauliza: zikikutana je? Yule wewe uliyesema "ndiyo" siku ile, akikutana na wewe uliyesema "hapana"?

Sebule yagawanyika

Mhasibu wetu hakuelewa somo. "Kamera inatikisika, giza tupu, watu wote wanaongea kwa pamoja. Halafu kwetu umeme ukikatika mtu anawasha tochi ya simu, anatulia. Hawa wanatoka nje kufuata nini?" Tulicheka mpaka basi, na kiukweli hoja anayo. Muvi inachosha mwanzoni, na wakishaanza kukimbizana gizani ni rahisi kupotea usijue nani ni nani.

Mke wake ni nesi, anafanya zamu za usiku na si mwoga. Yeye alikuwa amekumbatia mto wa kochi. "Jini angalau najua nitalisomea dua. Sasa mume wangu akirudi kutoka dukani siyo yeye, nasoma nini?"

Rafiki yetu mwanasheria alichukua kalamu na karatasi. Kundi moja linabeba vijiti vya bluu vya kuwaka gizani, jingine vyekundu, na yeye alitaka kujua kila mmoja anatoka nyumba ipi. Alitusimamisha mara mbili kuhakiki ushahidi. Kwake hii ni fumbo tamu, basi. Mumewe alisinzia saa moja kamili na kuamka mwishoni akiuliza, "Nani kashinda?"

Mimi kilichonishika ni stori anayosimulia mezani mhusika mkuu, Em. Anasema nyota kama hiyo ilipita Finland mwaka 1923, na mwanamke mmoja akapiga simu polisi: mwanamume aliyeko nyumbani kwangu si mume wangu. Umejuaje? Kwa sababu mume wangu nilimuua jana. Ni hadithi ya kwenye filamu, usiende kuitafuta kwenye vitabu vya historia. Lakini pale sebuleni kicheko kilikatika.

Maana ukiangalia vizuri, nyota iliwakuta watu wale wakiwa na mambo yao tayari. Mike aliwahi kulala na mke wa rafiki yake. Kevin, mpenzi wa Em, amekaa meza moja na msichana wake wa zamani. Na Em mwenyewe ameombwa na Kevin waende wote Vietnam kikazi, hajamjibu.

Mwisho wenyewe (kama hujaiona, ruka hapa)

Usiku ukiwa umeharibika kabisa, Em anatoka na kupita nyumba baada ya nyumba akichungulia madirishani. Huku wanatukanana, kule wanapigana. Mwisho anaona nyumba moja ambako wanacheka tu, hawana habari. Anamvamia Em wa nyumba ile na kuchukua nafasi yake. Asubuhi Kevin yuko naye, mara simu yake inaita. Anaipokea. Anayepiga ni Em. Anageuka kumtazama huyu aliye mbele yake, na muvi inaishia hapo.

Taa zikawashwa. Je, Kevin alikuwa ameshajua?

"Angejuaje?" akasema mhasibu. "Sura ile ile, sauti ile ile."

"Mke wako anabadilishwa usione?" akauliza nesi. "Mimi nimepunguza nywele wiki hii. Uliona?"

Jamani, kimya kilichopita pale! Kisha shemeji akasema taratibu: "Niliona. Sikusema tu."

"Kwa nini?"

"Sikujua kama unataka niseme."

Nesi akanyanyuka kwenda jikoni kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi. Baada ya muda mumewe akamfuata. Walirudi wote, na aliyebeba sinia la matunda alikuwa mhasibu. Sijui waliongea nini, na siyo kazi yangu kujua.

Na mimi je?

Nimewasema wenzangu, sasa nijiseme. Mume wangu alikuwa amepata nafasi ya kazi Mwanza. Kwa miezi miwili nilikuwa namjibu neno moja, "tutaona". Em alipobabaika kuhusu Vietnam, nilihisi kabisa mume wangu amenigeukia, mimi nikakaza macho kwenye skrini.

Wageni walipoondoka akaniuliza bila ukali, "Tutaona yako ni ndiyo au hapana?"

Sikuwa na jibu zuri, nikampa la kweli. Nikamwambia naogopa kuacha kazi niliyoihangaikia miaka tisa, na kwamba mwaka huu siwezi kuhama. Na nikamwambia kuwa kila siku najifikiria mke yule mwingine ambaye angeshafungasha mizigo, na namwonea wivu. Hakufurahi. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Haya. Angalau sasa najua niko nyumba ipi." Mwanza bado tunaijadili, safari hii kwa kalenda na hesabu mkononi.

Ndiyo maana siwezi kuipa muvi hii nyota tatu au nne nikaishia hapo. Mhasibu anaiita upuuzi, mwanasheria anaiita fumbo, nesi hataki kuisikia tena. Nadhani kila mmoja alichungulia dirisha lake.

Ukitaka kuiangalia na mwenzako

Weka simu mbali. Rangi ya vijiti na plasta kwenye paji la uso zina maana. Ukichati dakika tano umepotea.

Vumilia nusu saa ya kwanza. Maneno ya pale mezani ndiyo yanayolipuka baadaye.

Watoto wakalale. Lugha ni chafu na mwisho una vurugu.

Usiiweke siku mliyonuniana. Nakuambia kwa mapenzi mema.

Ikiisha, muulize swali moja tu: "Ungejuaje kama siyo mimi?" Halafu nyamaza, umsikilize mpaka amalize.