Gisenyi, Mji Unaonyweshwa na Mto Sebeya

Gisenyi uko Rwanda, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, ndani ya Wilaya ya Rubavu. Wajerumani waliufanya kituo cha mpakani wakauita Kissenji. Mwaka 1916 Wabelgiji wakauteka. Ng'ambo ya mpaka ni Goma, na miji hiyo miwili imepakana nyumba kwa nyumba. Wachuuzi huvuka kwa miguu tangu alfajiri, mboga kichwani, na bei hupatanwa kwa Kinyarwanda na Kiswahili.

Kwa maji, majirani hawa hawafanani. Goma imejengwa juu ya miamba ya volkano inayofyonza mvua, haina mto, na maji yake husukumwa kwa pampu kutoka ziwani. Gisenyi una Sebeya.

Mto huu huanzia kwenye milima ya Rutsiro na kuteremka kwa kasi hadi ziwani. Kasi hiyo ndiyo mali yake. Maji huchepushwa mtoni, hupitishwa kwenye mfereji ubavuni mwa kilima, kisha huachiwa yaporomoke ndani ya bomba na kuzungusha mashine za umeme. Kituo cha Gisenyi kilianza mwaka 1957, kikafuatwa na Gihira mwaka 1984, kisha Keya. Gihira ndiko pia maji husafishwa kabla ya kuingia kwenye mabomba ya mji.

Lakini angalia rangi ya mto baada ya mvua: ni kahawia nzito kama chai ya maziwa. Huo ni udongo wa mashamba. Msitu wa Gishwati, uliokuwa ukishika ardhi ya milimani, ulikatwa sehemu kubwa kwa ajili ya malisho, kilimo na makazi. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, Sebeya ilifurika, ikabomoa nyumba na kuharibu hata mitambo ya maji. Mafuriko na maporomoko ya usiku huo yaliua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda.

Mabomba hutengenezeka, mifereji huchimbika upya. Udongo ukishakwenda haurudi. Anayepanda mti Rutsiro anajaza ndoo ya mtu wa Gisenyi. Na si ya Gisenyi peke yake: kutoka Kivu maji hayo huingia Mto Ruzizi, na Ruzizi humwaga Tanganyika, ziwa lilelile linalopiga mawimbi yake Kigoma.