Si Kila Maumivu ya Taya ni ya Jino
Wananchi wenye maumivu ya ghafla upande mmoja wa uso, yapigayo mithili ya shoti ya umeme wakati wa kutafuna, kupiga mswaki au kupulizwa na upepo, wanashauriwa kumwona daktari kabla ya kung'oa jino. Huenda chanzo ni mshipa wa fahamu wa uso, na kung'oa hakutayaondoa. Tiba ya kwanza ni kabamazepini, dawa itumikayo pia kwa kifafa. Huandikwa na daktari, wala haiachwi ghafla. Upele ukitokea, mgonjwa arudi kituoni mara moja. Kwa kijana, chanzo chaweza kuwa maltipo sklerosisi, ugonjwa unaoharibu utando wa mishipa ya fahamu; yafaa apewe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida.